Chumba kisicho na hewa kina nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu ameandika kwenye insha: "Chumba chetu cha dakhalia hakina hewa." (Dakhalia ni bweni la skuli.) Mwenzake akamcheka, akamwambia, "Kingekuwa hakina hewa mngekuwa mshakufa. Sema kina ombwe." Darasa likagawika pande mbili, na kelele zikanishinda. Nimejaribu kukusanya visawe vya kukosa hewa nimepata rundo: ombwe, fukuto, shwari, kuvunda, kutweta, kupaliwa. Hivi vyote ni visawe kweli? Na huyu wa insha nimtie vema au nimkate alama?

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Mtie vema. Yule aliyecheka naye usimkaripie, maana hoja yake ya kwanza ina uzito. Ya pili, ya ombwe, ndiyo iliyompoteza, na nitaifikia.

Mtu wa Unguja au Pemba akisema mahali "hapana hewa", hewa anayoikusudia ni ile inayokwenda. Kwetu hewa huingia, hupita, hutoka. Sikiliza watu wanapokodi nyumba: "Nyumba nzuri, inaingia hewa mpaka jikoni." "Kile chumba cha nyuma hakiingii hewa." Nyumba imekaa mahali pa kiima ilhali kinachoingia ni hewa, kama tunavyosema mtumbwi unaingia maji au kiatu kimeingia mchanga. Sarufi hiyo tunaitumia kutwa bila ya kuiona, na ndani yake mna jibu la darasa lako: hewa iliyokwama haihesabiwi. Ipo kwa mwalimu wa fizikia. Kwa aliyelala humo haipo.

Na kwa kweli hata fizikia haimsaidii sana aliyecheka. Hewa tunayoivuta ina takriban asilimia 78 za naitrojeni na asilimia 21 za oksijeni. Wafungie wanafunzi katika chumba cha dakhalia usiku kucha, madirisha yamezibwa kwa kuogopa mbu na mvua ya masika, ile oksijeni itapungua kidogo tu. Kinachowatesa ni vitu vingine vinne vinavyopanda pamoja: joto la miili, unyevu wa pumzi na jasho, hewa ukaa wanayoitoa, na harufu. Unyevu ukishazidi, jasho linakataa kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana mtu anaamka kichwa kizito, shuka imemganda mgongoni, anasema hakuna hewa. Amesema kweli kwa lugha yake.

Hali hiyo ina jina lake, nalo ni fukuto. Hapa ningemwongoza mwanafunzi wako, maana angeweza kuandika "chumba chetu cha dakhalia kina fukuto" na insha ikapanda daraja. Fukuto si joto la kila namna. Jua la saa saba mchana Bandarini ni joto, ni jua kali, na unaweza kusema unatoka hari mpaka shati limerowa, lakini hilo si fukuto kwa sababu uko wazi. Fukuto linataka kufungiwa: chumba, dari ya bati, daladala iliyosimama imejaa watu na vioo havishuki, chandarua kizito usiku wa kaskazi. Asili yake ni kitenzi kufukuta, na kinachofukuta ni moto usio na ndimi, unaokula ndani kwa ndani chini ya majivu au katika rundo la makumbi. Kwa hiyo waandishi wa habari wanapoandika "fukuto la kisiasa" wamelipatia barabara: hasira ipo, inaongezeka joto, haijapata tundu ya kutokea.

Waliokuwapo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kamusi kwa neno hili. Waya wa baharini uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara ulipata hitilafu na kisiwa kikakaa miezi mitatu gizani, tena katika kaskazi, msimu wa joto letu kubwa. Mapangaboi yalisimama. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilijengwa watu wakijua hakuna umeme: kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, madirisha marefu, ua katikati unaovuta hewa moto juu na kuitoa nje. Wenye nyumba hizo angalau walipata pa kuvutia pumzi. Waliokuwa katika vyumba vipya vya matofali ya saruji, bati juu na dirisha moja la vioo, walihamishia magodoro barazani. Siku hizo hukusikia mtu kusema "joto" tu. Walisema "fukuto hili", na wengine walisema tu "hewa hakuna", wakaeleweka.

Kuvunda, ulilolitia katika rundo lako, si kisawe cha fukuto. Ni mtoto wake. Kitu kikikaa na joto na unyevu bila ya hewa kupita, kinavunda. Pemba mnalijua hili kuliko sisi: karafuu mbichi zikirundikwa au zikitiwa guniani kabla ya kuanikwa zikakauka, zinapata moto zenyewe, zinavunda, na bei inaanguka. Ukitia mkono katikati ya rundo unausikia ule umoto. Nguo zilizofungiwa kabatini kabla ya kukauka hutoa uvundo kwa sababu ileile. Lakini uvundo ni matokeo na kukosa hewa ni chanzo, na matokeo hayawi kisawe cha chanzo. Nduguye mwema ni kuvumbika. Ndizi hufunikwa makusudi, guniani au shimoni, ziive kwa pamoja. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ikizuiliwa isipeperuke inaharakisha kuiva. Hapo hewa isiyopita inatufaa, wala hakuna anayelalamika.

Sasa ombwe. Neno zuri, lina haki ya kutumiwa, lakini chumba cha dakhalia hakina ombwe. Ombwe ni utupu: mahali ambapo hata hewa yenyewe haimo, au imebaki ndogo isiyotajika. Mwezini ni hivyo, ndiyo maana sauti haisafiri huko. Kwa muda mrefu wanafalsafa wa Ulaya walishikilia kuwa utupu wa namna hiyo hauwezi kuwapo duniani. Mwaka 1643 Mtaliani Evangelista Torricelli akajaza zebaki katika bomba la kioo lenye urefu wa kama mita moja, akaliziba, akalipindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka, ikasimama kwenye kimo cha karibu sentimita 76, na juu yake ndani ya kioo pakabaki pahala pasipo kitu. Miaka kadhaa baadaye Otto von Guericke, wa mji wa Magdeburg, alinyonya hewa kutoka ndani ya nusutufe mbili za shaba zilizogusanishwa, akafunga farasi upande huu na upande huu, wakavuta wakashindwa kuziachanisha. Hazikugandana kwa gundi. Hewa ya nje ndiyo iliyozikandamiza, kwa kuwa ndani hapakuwa na cha kuisukuma.

Lakini usiwapeleke wanafunzi Magdeburg. Wapeleke jikoni. Chupa ya chai, ile ya kioo inayokaa na kahawa ya barazani tangu alfajiri ikabaki moto, ina ombwe. Ifungue kitako uitoe ile chupa ya ndani: utaona ni kioo cha kuta mbili kilichopakwa rangi ya fedha, na chini kina kichuchu kidogo. Hewa ya baina ya kuta zile mbili ilinyonywa kupitia pale, kisha pakazibwa kwa moto. Joto linataka kitu cha kulichukua, na hapo katikati hakuna cha kulichukua, basi chai inabaki moto. James Dewar alibuni chombo cha namna hiyo mwaka 1892 huko London, akihifadhia vitu vya baridi kali katika maabara yake, si chai. Kichuchu kile kikipata ufa, hewa inaingia na chupa "imekufa": chai ya saa moja imepoa saa tatu, na mtu analaumu majani. Mwanafunzi aliyeishika chupa ile mkononi hataandika tena kuwa watu thelathini wamelala katika ombwe.

Matumizi ya picha ya neno hili yameenea sana magazetini: ombwe la uongozi, ombwe la sera. Sina ugomvi nayo, isipokuwa nasikitika yanapotumiwa kwa kila upungufu. Skuli yenye walimu wanne badala ya kumi ina upungufu wa walimu, haina ombwe. Nafasi ya mkuu wa skuli ikikaa miezi bila ya mtu, hapo sawa.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliuliza, nalo nalikuta kila siku katika maandishi ya bidhaa, kwa hiyo niruhusu nilichomeke. Paketi za viungo na majani ya chai zimeandikwa "hifadhi katika chombo kisicho na hewa". Hakuna nyumba yenye chombo hicho. Aliyeandika alikusudia chombo kisichopitisha hewa, yaani mkebe au kopo lenye kifuniko kinachobana, hewa ya nje isiingie na harufu ya iliki isitoke. Ndani ya kopo hewa imejaa tele. Paketi iliyonyonywa hewa kwa mashine, ile iliyokauka ikagandamana na vilivyomo, hiyo iitwe iliyoondolewa hewa. Hali tatu, maneno matatu, na mnunuzi wa karafuu wa nje anatofautisha hata kama sisi hatutofautishi.

Shwari niliweke pembeni upesi. Ni neno la bahari, na kinachokosekana humo ni upepo, wala si hewa. Upepo umekatika, tanga halijai, maji yamelala. Aliye ufukweni anafurahi, ndiyo maana neno likahamia mjini likawa jibu la salamu: mambo shwari. Aliye ndani ya dau katikati ya mkondo wa Pemba hafurahi hata kidogo, kwa sababu shwari yake ni kupiga makasia au kungoja. Msimu wa shwari na pepo zisizotabirika, baina ya kaskazi kumalizika na kusi kushika, mabaharia wetu wanauita maleleji, na pia tangambili. Kwa hiyo shwari inagusana na mada yako kwa ncha moja tu: usiku wa shwari, fukuto linazidi nyumbani. Chanzo tena, si kisawe. Watu wanaochanganya hewa na upepo wanasamehewa, kwani hata tukienda Forodhani jioni tunasema tunakwenda kupunga hewa, na wengine kupunga upepo, na maana ni moja. (Kupunga pepo ni shughuli nyingine kabisa, na ina gharama zake.)

Tukija kwa mtu mwenyewe, neno linabadilika, kwa sababu mwili haukosi hewa, unakosa pumzi. Hewa ni ya nje, ya wote. Pumzi ni ya mtu. Wasikilize wanaozamia majongoo ya bahari. Anayezama kwa kifua chake mwenyewe atakwambia, "Pumzi ilinikatikia, nikapanda." Anayezama na mtungi atasema, "Hewa iliniishia." Mtungi una hewa, kifua kina pumzi, na hawakosei hata wakiwa na haraka ya kukusimulia. Katika ukoo huo wa pumzi wamo kupumua, pumu, na kupumzika, ambako asili yake ni kurudisha pumzi mahali pake. Kazi ya kuvunja mawe inatosha kukufundisha kwamba kupumzika na kulala ni vitu viwili.

Maneno yako ya kutweta na kupaliwa yamo humu, lakini kila moja lina sababu yake, na hapa Kiswahili hakina mchezo. Anayetweta amekimbia au amepanda ngazi, hewa anaipata ila haimtoshi kwa kazi aliyoifanya, akiketi atatulia. Anayehema yuko karibu naye, na kwa wengi maneno haya mawili yanabadilishana. Aliyepaliwa maji au mate yamekwenda njia siyo, atakohoa mpaka machozi yamtoke. Aliyesakamwa tonge limekwama, huenda hata kukohoa hawezi, na huyo ndiye wa kupigwa mgongoni upesi. Aliyekabwa ana mkono wa mtu shingoni, au jinamizi usingizini. Mwenye pumu husema kifua kimembana. Wakunga na wauguzi nao wana lugha yao: mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa wanasema "amezaliwa amechoka", maneno ya upole kwa jambo zito, na mama asiyeyajua hudhani mwanawe anahitaji kulala tu. Ningependa wamfafanulie.

Nilisema mwili haukosi hewa, basi niseme pia pale ambapo maneno "kukosa hewa" yanaweza kuua. Kila mara tunasoma kuwa watu fulani waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa "wamefariki kwa kukosa hewa". Msomaji anaelewa nini? Kwamba angeacha upenyo mdogo mlangoni ingetosha, au kwamba angeamka alipoanza kubanwa. Si hivyo. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo inashikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni. Hewa chumbani imo, kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, lakini damu haibebi tena kinachohitajika. Mtu hapati ile shida ya kubanwa ambayo ingemwamsha. Anaumwa kichwa, anachefukwa, analegea, analala. Huyo amekufa kwa sumu ya mkaa, na gazeti liandike hivyo. Seredani, yaani jiko la makaa, likae nje au uani, hata mvua ikinyesha.

Umeniuliza visawe na mimi nakupa vyanzo na matokeo. Najua si ulichokitaka kwa somo la dakika arubaini. Basi ukitaka kupima kisawe, usimwombe mwanafunzi maana, mpe sentensi abadilishe neno. "Chumba kina fukuto" na "chumba hakiingii hewa" zitakaa pamoja bila ya kugombana, ingawa ya kwanza inataja adha na ya pili inataja sababu. "Chumba hewa yake nzito" nayo itakaa. "Chumba kimetuama hewa" ni ya kitabuni, lakini inafahamika. "Chumba kina shwari" itawachekesha. "Chumba kinatweta" inafaa kwa mshairi. "Chumba kina ombwe" ni kosa, labda kama ni chumba cha maabara chenye pampu. Na "chumba hakina nafasi" itawagawa tena, kwa sababu nafasi tunaifahamu kuwa ni eneo, ilhali neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, nafas, pumzi. Mzee wa zamani akikwambia hana nafasi, amekwambia kuwa hana hata pa kuvutia pumzi, na dhiki, mpinzani wa nafasi, asili yake ni wembamba, ubanaji. Hilo waachie wa Kidato cha Sita.

Wanafunzi wako watakuletea pia mfanyakazi hewa, nakuhakikishia, kwa kuwa neno lilivuma mno mwaka 2016 Serikali ya Muungano ilipofanya uhakiki wa watumishi. Humo hewa imegeuka kuwa "kisichokuwapo": jina limo kwenye orodha ya mishahara, mtu hayupo. Ahadi hewa, ankara hewa, ndiyo hiyohiyo. Yaani kwa fundi wa ofisini hewa ni kutokuwapo, na kwa aliyelala dakhalia kutokuwapo kwa hewa ndiyo adha. Usijaribu kuzipatanisha maana hizi mbili ubaoni, kipindi kitakwisha.

Kwa alama za insha: sentensi ile ni sahihi kwa sarufi na kwa maana. Ukitaka kumwandikia pembeni, mwandikie "je, ni fukuto?" kwa kalamu nyekundu, asirekebishe, afikiri. Na mwenzake aliyependa ombwe, mpe zoezi la kulitumia katika sentensi tatu. Umkumbushe ngeli yake ni LI-YA: ombwe limeachwa, ombwe hili, ombwe la. Wingi wake, maombwe, upo kwa kanuni, ila sijapata kumsikia mtu akiuhitaji.